Kabla Hujabandika Jina Lako Kwenye Tairi

Zuhura mwanangu,

Nimejaribu kuanza kama watu wanavyoanza barua. Nimeandika kwamba natumaini u mzima, kisha nikakata, maana u mzima, nimekuona sasa hivi ukitoka mlangoni na viatu vipya kwenda kuwaaga wenzako wa chuo kule Mutanga Sud, simu sikioni, kicheko mpaka barabarani. Mimi ndiye si mzima. Nina hasira, Zuhu. Ninayo tangu jana mchana, sikuweza kuitoa mbele ya watu, na kesho alfajiri unaondoka. Kwa hiyo naiandika hapa kwenye meza ya chakula kabla hujarudi. Nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo, usiende nayo Dar es Salaam ikiwa bado imekunjwa.

Mambo ya kula, kufua, kuvaa na kuchagua marafiki sitayagusa. Shangazi yako Mwamini amekwisha kukwambia yote hayo, na atakwambia tena kesho ukiwa umeshakaa garini na mlango umefungwa. Wewe hujawahi kuwa mtoto wa kuambiwa ufue. Umenishinda kwa usafi tangu ukiwa mdogo, na unavyoringa nao nakujua.

Hasira yangu ni ya zile lebo.

Ulikuwepo, lakini nataka uitazame jana hiyo tena kwa macho yangu. Baba yako mdogo Sefu amemaliza pilau, amenawa, amejifuta kwa kitambaa chake kizuri cha mfukoni. Akafungua begi, akatoa karatasi ndefu yenye lebo za kubandika, nyeupe, zinang'aa, akaitandaza katikati ya sahani. Akaeleza kwamba mambo yamebadilika, sasa kila tairi linaloingizwa nchini lazima liwe na lebo ambayo mnunuzi anaweza kuisoma: kipimo chake, uzito linaoweza kubeba, mwaka lilipotengenezwa, aliyeliagiza, na mtu aliyelikagua. Kisha akaweka kidole chini kabisa.

"Soma apa, shemeji."

Nikasoma. "Contrôlé par", limekaguliwa na, halafu jina lako: Zuhura Shabani.

Shangazi akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. "Jina ya mutoto wetu itatembea ku mapine ya Burundi yote!" Wewe ulifunika mdomo kwa kiganja kama unavyofanya ukifurahi. Sikulaumu kwa furaha ile. Umemaliza masomo, umekaa hapa Ngagara na diploma yako kwenye bahasha, umepeleka dosiye za kuomba kazi katika ofisi mpaka walinzi wa milangoni wanakuita kwa jina. Sasa mtu wa damu yako amekupa kazi kwenye biashara yake ya matairi kule Dar, na jina lako limechapwa tayari. Nani asingefurahi?

Mimi niliuliza. Unakumbuka niliuliza?

"Shemeji, ayo mapine iko wapi saa hii?"

"Iko mu bateau. Inatoka Bulaya."

"Na Zuhu alisha kuyaona?"

"Ataona nini, Mama Zuhu? Pine ni pine. Yeye atabandika tu."

"Na mwaka? Apa mutaandika mwaka gani?"

Akanitazama, akatabasamu. "Mwaka yenye inauza."

Watu wote wakacheka. Hata wewe ulicheka, Zuhura. Nilikuona. Ndipo nikasema nakwenda kuchukua chai, nikaingia jikoni, na kile kikombe mlichosikia kikivunjika mkasema paka, hakuna paka aliyepita hapo. Ni mimi nilikipiga ukutani.

Sasa nikueleze kwa nini. Kwanza kabisa, sheria hiyo ya lebo niliitaka mimi. Sisemi niliitunga, mimi ni mama wa duka la vipuri Buyenzi, nani ataniuliza kuhusu sheria. Lakini kila wafanyabiashara wa magari walipokutana, nilinyoosha mkono. Nilisema tairi lina umri, na umri wake uandikwe mahali mtu anapoweza kuuona bila kulala chini ya gari. Walinicheka. Mmoja alisema, "Mama Zuhu anataka pine ipewe karangamuntu," kitambulisho kama cha raia. Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, na mimi nikaketi na mkono wangu. Mkutano uliofuata nikaunyoosha tena.

Wewe umekulia kwenye duka lile, ukifanyia kazi za shule juu ya magunia, unajua wateja wetu. Mtu akija hapo haulizi tairi lina miaka mingapi. Anauliza, "Ni okazyo ya Bulaya?" Ukimwambia ndiyo, limetumika Ulaya, basi roho yake imetulia. Jipya kutoka kwingine halitaki. Anataka lile lililokwisha kuchakazwa na Mzungu, kwa sababu anaamini cha Mzungu hata kikizeeka kinabaki chake. Anaingiza kidole kwenye mifereji ya tairi, akikuta kina kirefu anasema, "Bado ina nyama." Na zile lebo za rangi za Ulaya, zenye herufi za kuonyesha tairi linashika vipi njia ya mvua, unakumbuka tulivyokuwa tukizieleza? A ni Allemagne, yaani Ujerumani, B ni Belgique, Ubelgiji, C ni Chine, Uchina. Tulikuwa tunasema hivyo kwa sauti kavu kabisa, mteja anaitikia kwa kichwa na kuchagua Allemagne. Leo nikikumbuka najiona mwongo, ingawa nilicheka sana wakati ule.

Mpira unazeeka hata kama haukimbii. Unakauka ndani, unaachana, huku juu nyama yote ipo. Kinachokwambia ukweli ni namba nne zilizogandishwa kwenye ubavu wa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka, na namba hizo huwekwa upande mmoja tu. Hilo ndilo jambo ambalo kila fundi wa Buyenzi analijua na hakuna mteja anayelijua. Tairi likiwa zee, fundi analifunga upande huo ukiwa umeangalia ndani ya gari. Haambiwi. Mkono wake unafanya wenyewe, kama mkono wako unavyogeuza upande uliochanika wa kitenge usionekane.

Baada ya hapo nakwambia jambo ambalo nilipaswa kukwambia ukiwa na akili ya kulishika, na akili hiyo umekuwa nayo miaka mingi.

Baba yako hakukimbiza gari.

Umekua ukisikia kwamba Shabani alipenda mwendo. Mwamini anasema hivyo, majirani wanasema hivyo, na wewe mwenyewe ulikuja kulisema. Ukiwa sekondari uliandika insha kwamba baba yako aliuawa na haraka yake. Mwalimu alikupa alama nzuri, ukaniletea niisome, ukasimama mbele yangu unasubiri. Nikakwambia umeandika vizuri. Zuhu, siku ile ningepasua karatasi ile vipande vipande, na badala yake nikakuchemshia yai.

Siku aliyokufa alikuwa anarudi kutoka Kajaga kuchukua mikeke, samaki wa ziwani, kwa karamu ya jirani. Njia ile unaijua, imenyooka na ni tambarare, haina mlima wala kona ya kumwua mtu. Ilikuwa mchana, jua kali, lami inawaka. Mtu wa baiskeli aliyepakia mkaa alikuwa nyuma yake kwa mwendo mrefu na gari halikumpotea, kwa hiyo jihesabie mwenyewe mwendo huo. Tairi la nyuma lilichunika ngozi. Nyama yote ile nzuri ilibanduka nzima nzima, gari likageuka, likaingia mtaroni juu chini. Samaki walimwagika njiani na watu wakaokota.

Matanga yalipokwisha, nilikwenda nyuma ya duka walikokuwa wamevuta gari. Nilikwenda peke yangu. Nikaligeuza gurudumu lile kwa mikono yangu, nikafuta ubavu wa ndani kwa pindo la kanga, nikasoma. Tairi lile lilitoka kiwandani mwaka niliokuzaa wewe. Wewe wakati ule ulikuwa unajiandaa kumaliza shule ya msingi. Nikayasoma na yale mengine matatu. Yalikuwa hivyo hivyo, yote yameangalia ndani.

Matairi yale yalikuwa zawadi ya Idi. Aliyaleta baba yako mdogo Sefu kutoka Dar.

Usimame kidogo hapo kama unataka. Mimi nilisimama miaka.

Naikumbuka Idi hiyo vizuri mno. Sefu aliyateremsha kwenye ua huu huu, akayaviringisha moja moja, akapiga kofi juu ya la mwisho. "Kaka, iyi ni ya Bulaya kabisa. Angalia nyama." Baba yako akamkumbatia. Fundi akaitwa, akayafunga palepale mbele ya mlango. Na mimi, Zuhu, mimi niliyekuwa nauza matairi, mimi niliyeweza kusoma mwaka wa tairi kwa ncha ya kidole gizani, nilisimama na sinia ya soda mkononi nikamsifu. Nilijua pa kuangalia. Hatua mbili tu. Lakini zawadi ya shemeji, mbele ya mume wangu, siku ya sikukuu, na watu wamekaa? Kwetu mtu hafanyi hivyo. Ukipewa kitu unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakiweka. Ukikigeuza kukitafuta kasoro mbele ya aliyekupa, umemtukana yeye na mama yake. Mimi nililelewa hivyo, nikaona haya kuinama. Nikamwongezea soda.

Ndiyo hasira yangu, ukitaka kuijua yote. Sefu ana fungu lake na yule fundi ana lake, lakini fungu kubwa ni la yule mwanamke aliyeshika sinia.

Kwa nini nilinyamaza baadaye? Utaniuliza hivyo. Sefu alilia kwenye matanga mpaka akaishiwa sauti. Alisema mbele ya wazee, "Uyu mutoto ni wangu, atasoma." Na akatimiza, kila mwaka, bila kukumbushwa. Ningemwambia nini, na lini? Kila nilipotaka kusema, wewe ulikuwa unahitaji sare, au kiatu, au kwenda chuo. Kisha watu wakaanza kusema Shabani alipenda mwendo, na maneno hayo yalimfaa kila mtu. Yalimfaa Sefu, yalimfaa fundi, yalinifaa na mimi. Aliyekufa hakuwepo kubisha. Nikakuachia umlaumu baba yako, mtu aliyeendesha gari kama amebeba mayai.

Sikiliza, simwiti Sefu mwuaji. Najua moyo wake, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Sefu ni mtu asiyegeuza kitu. Hakuyageuza yale manne kabla ya kuyaleta, na baada ya msiba hakuwahi hata siku moja kuuliza ni nini kilipasuka. Mtu wa matairi, ndugu yake amekufa kwa tairi, hakuuliza. Aliogopa jibu, nadhani. Tangu hapo ameuza mangapi, na yamekwenda kwa nani, na wangapi wanaambiwa na majirani kwamba marehemu wao alipenda mwendo? Nikifikiria hilo nashindwa kukaa kwenye kiti.

Halafu sheria inakuja. Nilisikia redioni nikiwa dukani, nikawanunulia mafundi wote Fanta, wakadhani nimepata posa. Nilifikiri basi, imekwisha, sasa mtu atalazimika kuligeuza tairi kabla halijaingia nchini. Ujinga wangu! Nilisahau jinsi tulivyo. Hapa kwetu karatasi ikishapatikana, kitu chenyewe hakitazamwi tena. Sheria imesema tairi lisomwe, sisi tumesikia lebo ibandikwe. Wamechapa lebo matairi yangali baharini, na mwaka utakaojazwa ni ule wenye kuuza. Tairi zee lililokuwa limeangalia ndani kwa aibu, sasa litaangalia nje kwa kiburi, na lebo juu yake.

Na lebo hiyo inasema limekaguliwa na Zuhura Shabani.

Shabani, Zuhu. Umelisoma jina lako lote au umeishia kwenye jina la kwanza? Wamechukua jina la baba yako wakaliweka kuwa ushahidi kwamba tairi hilo ni zima. Jana nilipoliona pale, kati ya sahani za pilau, niliona kama wamemtoa kaburini wakampa kazi ya kuuza.

Sikukatazi kwenda. Nimelifikiria tangu jana, nimeliacha. Wewe ni mtu mzima, kazi hapa haipo, na kazi yenyewe si mbaya. Ni kazi ambayo nilinyoosha mkono miaka yote nikiomba mtu apewe. Kama kuna binadamu atakayesimama mbele ya kontena lililofunguliwa, aligeuze kila tairi, afute, asome, kisha ndiyo aandike, basi mtu huyo anapaswa kulipwa na kupigiwa vigelegele, na mimi nitakuwa wa kwanza. Huyo ndiye "contrôlé par". Yule mwingine ni gundi tu.

Lakini nakujua nilivyokulea. Nilikulea useme "ndiyo, baba mdogo" kabla hajamaliza swali. Nilijivunia, watu walikusifu, walisema mtoto wa Mama Zuhu ana adabu. Adabu hiyo hiyo ndiyo iliyonishikisha sinia. Kosa la kweli nililokufanyia ni hilo, na nina jioni moja tu ya kulitengua, na najua jioni moja haitoshi.

Akikupa karatasi ya lebo, ipokee kwa mikono miwili kama kawaida. Kisha mwambie, kwa sauti yako hiyo hiyo ya chini, "Baba mdogo, nitabandika nikishayaona." Atacheka. Mwambie tena. Atakasirika, atasema amekusomesha, na ni kweli amekusomesha, mshukuru, umwambie tena. Tairi lililochoka, andika umri wake wa kweli au liache bila lebo. Akikataa kabisa, rudi. Mlango huu utaukuta wazi na mimi sitakuuliza umeleta nini. Kukaa bila kazi na bahasha ya diploma kunauma, nimekuona kunavyokuuma. Lakini kuna mama mwingine ana binti anayesubiri samaki wa karamu, na mume wake yuko njiani.

Sasa habari ya kesho, nisije nikakushtua.

Gari la Sefu limelala hapo nje, nimelitazama kwa mbali tu. Anataka mtoke mapema, kabla malori hayajajaza njia ya kupanda Bugarama. Itakuwa bado giza. Shangazi atakuwa hapo na dua zake, majirani watatoka na kanga mabegani, Sefu atakuwa ameshawasha gari na kupiga honi kidogo kidogo. Wakati huo mimi nitapiga magoti. Nitaingia chini ya gari la shemeji yangu, mbele ya watu wote, na nitasoma matairi yake manne, upande wa nje na wa ndani. Litakaloonekana zee litatolewa, hata ikibidi nimwamshe fundi na safari iingie saa za jua. Mwamini atasema nimemvunjia heshima mtu aliyekusomesha. Ni kweli, nitakuwa nimemvunjia, na nitamwambia Sefu kwa nini, kwa maneno haya haya niliyokuandikia, nikiwa bado nimepiga magoti.

Utaona aibu. Ukiona aibu, ingia garini ukae, ufunge mlango, utazame mbele. Sitakulaumu, mimi nilifanya hivyo hivyo na sinia mkononi.

Lakini macho yangu si yale ya zamani, na chini ya gari kuna giza. Nitahitaji mtu wa kunimulikia kwa simu.

Mama yako.